Pumzi ya Joka, Vishale na Chumvi: Tathmini ya Risasi za Vituko kwa Ulinzi wa Nyumba

Katika duka moja la silaha kusini-magharibi mwa Houston, pale karibu na keshia ambapo maduka ya vyakula huweka peremende na bazoka (za kutafuna, si zile za kivita), kuna kichanja cha waya kilichotundikwa vipakiti vya plastiki, kila kimoja kikiwa na risasi tatu za shotigani na picha ya kutisha: joka linalotema moto, fuvu la kichwa, nge aliyeinua mkia. Kipakiti cha joka kiliuzwa dola 24 kabla ya kodi, yaani dola nane kwa kila risasi. Hatua tatu tu kutoka hapo, kwenye rafu ya kawaida, boksi la risasi tano za marisau makubwa (punje za madini zinazotoka kwa pamoja) liliuzwa kama dola kumi. Nimeishi Texas miaka kumi na moja, nina shotigani moja ya geji 12 ya kukoki kwa mkono, na katika makundi yetu ya Waswahili wa huku hapiti mwezi bila mtu kuuliza kama hivi vipakiti vyenye picha vinafaa kulindia nyumba. Nilichoka kujibu kwa kubahatisha. Nilinunua aina sita, nikaongeza na zile za kawaida ili nipate cha kulinganishia, nikazipiga zote kwenye ranchi ya mzee mmoja mstaafu upande wa Bastrop.

Nianze na bunduki yenyewe, kwa ajili ya wale ambao neno marisau wamelisikia kwa wazee tu. Kwetu Muheza, Tanga, marisau yalikuwa ya kufukuzia nguruwe na ngedere kwenye mihogo, na aliyeshika gobori alisimama shambani, mbele yake hakuna kitu isipokuwa pori. Shotigani ya geji 12 ni mjukuu wa gobori hilo. Namba 12 inatokana na hesabu ya zamani: ukiyeyusha ratili moja ya madini ya risasi na kuigawa katika vidonge 12 vilivyo sawa, kila kidonge kitaenea kwenye mtutu, ambao upana wake wa ndani ni kama milimita 18.5. Ndani ya ganda moja unaweza kuweka karibu chochote kinachoingia, na hapo ndipo vituko vinapopata mlango. Bastola ikipewa risasi isiyo yake hukwama. Shotigani ya kukoki kwa mkono inatema kile ulichoilisha, iwe chumvi, misumari au moto.

Zile za kawaida ni za namna tatu. Kuna marisau ya ndege, punje ndogo za milimita mbili na kitu, mamia kwa mamia ndani ya ganda moja. Kuna marisau makubwa, ambayo yale yanayoitwa sifuri mbili yana upana wa milimita 8.4 na kwa kawaida huwa manane au tisa kwa kila risasi. Na kuna donge moja zima. Polisi wa Marekani wanaponunua risasi za kazi hutazama kipimo kilichoenezwa na FBI, shirika la upelelezi la serikali kuu, baada ya mapambano ya risasi na majambazi huko Miami mwaka 1986, ambamo maofisa wao wawili waliuawa: risasi iingie katika jelatini maalumu inayoiga nyama ya mwili kwa kina kisichopungua sentimita 30 na kisichozidi 46 hivi. Ikiwa pungufu haimsimamishi mtu mwenye nia mbaya, na ikizidi inatokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu ya kumdhuru asiyehusika. Marisau ya ndege huishia karibu nusu ya kiwango hicho cha chini, na ndiyo maana yanawafaa njiwa.

Kipimo hicho kinahusu mwili. Nyumba zetu za huku zina jambo jingine ambalo Muheza halikuwepo, nalo ni kuta. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya matofali akihamia Marekani huchukua muda kuamini kwamba ukuta unaomtenga na chumba cha mwanawe ni mbao mbili za jipsamu zenye unene wa milimita 12.7 kila moja, na katikati yake ni hewa na miti michache. Unaweza kuupasua kwa kiwiko. Wale wanaoishi kwenye majengo ya kupanga wanashirikiana ukuta na jirani, na huyo jirani naye ana kitanda upande wa pili. Kwa hiyo katika majaribio yangu sikushughulika sana na ukali wa risasi. Niliunda fremu tatu za mbao, nikazigongomea jipsamu mbele na nyuma, nikazisimamisha kwa kupishana mita mbili na nusu mbele ya kilima cha udongo, mfano wa vyumba vitatu vilivyofuatana. Mbele ya ukuta wa kwanza niliweka madumu ya maji. Nilipiga nikiwa mita sita, kwa kuwa nilipopima kwa tepu ya fundi, korido ya nyumbani kwangu kutoka mlango wa chumba chetu hadi sebuleni ndivyo ilivyo.

Ile iitwayo Dragon's Breath, yaani pumzi ya joka, ndiyo inayouza zaidi na ndiyo iliyonipa taabu kubwa, hata kabla ya kuipiga. Ndani yake hamna marisau ila vipande vya magnesiamu vinavyowaka vinapotoka mtutuni na kurusha cheche kwa makumi ya mita. Mwenyeji wangu alikataa katakata tusiipige kipindi cha kiangazi. Kaunti nyingi za Texas hutangaza marufuku ya kuwasha moto majani yakikauka, na Bastrop hawahitaji kukumbushwa sababu: mwezi Septemba 2011 moto uliteketeza zaidi ya nyumba 1,600 katika kaunti hiyo, na mashina meusi ya misonobari bado yanaonekana ukipita barabarani. Tulisubiri wiki tatu mpaka mvua iliponyesha siku mbili mfululizo, kisha tukaenda na mapipa mawili ya mchanga. Mchanga, nasema, kwa sababu magnesiamu inayowaka haizimwi kwa maji. Maji huipa nguvu, kwani moto wake huyapasua na kutoa haidrojeni, ambayo nayo inawaka.

Mke wangu aliponiona napakia mizigo aliuliza swali moja tu: "Baba Salma, hicho kiberiti cha dola nane utakiwashia chumba gani?" Sikuwa na jibu, na baada ya majaribio ndilo swali ninalowauliza wenzangu.

Kwa macho, pumzi ya joka inatimiza ahadi ya picha yake. Mlio wake ni mwepesi kuliko wa risasi ya kawaida, kitako hakisukumi bega, na ghafla mbele yako kuna mto mweupe wa moto. Tulipokwenda kutazama, madumu ya maji yalikuwa mazima yote. Mawili yalikuwa na madoa meusi na vitobo vidogo vilivyoyeyuka juu juu, bila kuvuja hata tone. Jipsamu ya kwanza ilikuwa imeungua karatasi yake ya nje, na haikutobolewa. Lakini nilikuwa nimetundika pazia letu la zamani la poliyesta upande mmoja, na chini nimetandika kipande cha zulia kilichobaki tulipobadilisha sakafu. Pazia lilikuwa na matundu kama ishirini yenye kingo zilizoyeyuka na kukunjamana, na zulia liliendelea kutoa moshi mpaka tulipolifukia kwa mchanga. Yaani risasi hii imemwacha mgeni asiyealikwa na majeraha ya moto ya juu juu na hasira tele, na wakati huohuo imeanza kazi ya kuichoma nyumba yenye watoto wako ndani.

Ya pili niliipiga jua likiwa limeshazama, makusudi, kwa sababu wezi hawaji saa sita mchana. Nadhani hili ndilo jambo ambalo video hazimwonyeshi mtazamaji, kwa kuwa kamera haina uoni wa kuzoea giza. Baada ya ule mwanga sikuona kitu. Niliinua mkono wangu mbele ya uso, sikuuona. Kilichokuwepo ni mstari wa kijani uliokataa kuondoka hata nikifumba macho. Zilipita dakika kadhaa kabla sijaweza kuona fremu za mbao tena. Katika muda huo mtu aliyekuwa mita sita kutoka kwangu angekuwa amefika popote anapotaka. Ongeza kwamba, kwa kuwa haina nguvu ya kurudisha, bunduki inayojikoki yenyewe haiwezi kuitema na kupokea nyingine, inakwama palepale. Majimbo ya Illinois na Florida yameitaja kwa jina na kuipiga marufuku. Texas ni halali, na hilo ndilo jema pekee ninaloweza kulisema juu yake.

Vishale havikunichukua muda. Ni misumari midogo ya chuma yenye mapezi nyuma, kama ishirini katika risasi moja, wazo ambalo jeshi la Marekani lililijaribu katika vita vya Vietnam bila ya kuona faida ya kuendelea nalo. Katika mita sita vilikuwa bado havijatulia katika mwendo wake. Kwenye jipsamu niliona alama za misumari iliyolala ubavu, kama mtu aliyegandamiza vijiti vya meno kwenye unga. Vilivyonyooka vilipita kuta zote tatu, na viwili hatukuvipata kabisa. Risasi ambayo nusu yake haina nguvu na nusu nyingine haina breki sina haja nayo. Illinois na Florida zimeikataza pamoja na ya joka, California nayo hairuhusu risasi yenye vishale. Kwenye kichanja kilekile palikuwa na ile ya bolo, madonge mawili yaliyofungwa pamoja kwa waya, ambayo sheria za Illinois na Florida zinaitaja vilevile. Hiyo niliiacha dukani.

Sasa nije kwenye chumvi na mpira, ambako nataka kukaa kidogo, kwa sababu wanaozinunua si watu wa mzaha. Wanaonunua joka wanataka burudani. Wanaonunua chumvi, kwa niliowasikia, ni watu wenye huruma: baba wa familia, mcha Mungu, hataki kuua mtu kwa sababu ya televisheni, anatafuta kitu cha kuuma na kufukuza. Nawaheshimu kwa nia hiyo. Nadhani lakini wameuziwa kitu kitakachowaponza kuliko wote.

Chumvi ya mawe ndani ya ganda la shotigani ni hadithi ya kale ya mashamba ya Marekani, ya mkulima na wezi wa matikiti. Kasoro yake ni uzito. Madini ya risasi yana uzito mara tano zaidi ya chumvi kwa ujazo uleule, na kitu chepesi kinaishiwa mwendo mara kikutanapo na hewa. Katika mita sita, chumvi ilichanachana karatasi ya jipsamu na kuacha vumbi jeupe, basi. Madumu yalitikisika. Mtu aliyevaa koti la jinzi angehisi nini sijui, ila asingelazimika kukaa chini. Kisha nilisogea hadi mita mbili, na hapo ilifungua tundu ambalo ngumi yangu ilipita. Kwa hiyo kitu kilekile ambacho mwishoni mwa korido ni kero, mlangoni kwa chumba ni jeraha baya, na mwenye nyumba hachagui adui asimame wapi. Halafu kuna mtutu. Niliusafisha usiku uleule, nilidhani vizuri, na siku ya tatu kitambaa cheupe kilitoka na kutu nyekundu. Hewa ya Houston ni nzito kama ya pwani, na mtu wa Tanga au Mombasa hahitaji kufundishwa chumvi inavyokula bati.

Vigololi vya mpira vina kazi yake halali. Maofisa wa wanyamapori hutumia risasi za mpira kuwafukuza dubu wanaozoea majalala, na polisi wanazo za mpira na za vifuko vya maharage kwa ajili ya ghasia. Lakini tazama jinsi polisi wanavyozitumia: bunduki ya kazi hiyo huwekewa kitako cha rangi kali, mara nyingi ya chungwa, ili risasi halisi isiingizwe humo kwa makosa, askari anafundishwa umbali na sehemu ya mwili, na pembeni yake amesimama mwenzake mwenye silaha halisi endapo mpira hautatosha. Hata hivyo watu wamepoteza macho, na wengine maisha. Wewe saa nane za usiku, umevaa msuli, unao nani pembeni? Katika majaribio yangu, vigololi vilidunda kwenye madumu na kimoja kilirudi na kupita kati yetu. Tulikuwa tumevaa miwani ya kinga, nami namshukuru mwenyeji wangu aliyeishikilia kanuni hiyo. Mita mbili, vilitoboa jipsamu ya kwanza na kubaki ndani ya ukuta.

Sheria haina chumvi wala mpira. Ukimwelekezea mtu bunduki ya geji 12 ukafyatua, umetumia silaha inayoua, na mahakama itauliza kama ulikuwa na haki ya kuua. Sura ya 9 ya kanuni za adhabu za Texas inampa nafasi pana mwenye nyumba aliyevamiwa kwa nguvu, lakini msingi wake ni kwamba uliamini, kwa sababu zenye mantiki, kuwa hatari ilikuwa papo hapo na hapakuwa na budi. Aliyepakia chumvi anaweza kujikuta akiulizwa: kama uliamini maisha yako yako hatarini, kwa nini ulichagua kitu cha kufukuzia kuku? Na kama hukuamini, kwa nini ulifyatua? Mimi si wakili, na yeyote mwenye bunduki nyumbani angefanya vyema kulipia saa moja ya wakili. Ila swali hilo halihitaji shahada kulielewa. Vivyo hivyo risasi ya kutishia hewani. Mwezi Februari 2013 Joe Biden, wakati huo akiwa makamu wa rais, alisimulia kwamba alimwambia mkewe atoke kwenye baraza na shotigani afyatue mara mbili. Ndani ya mji wa Texas wenye wakazi 100,000 au zaidi, kufyatua ovyo ni kosa la jinai, na marisau yaliyopanda lazima yashuke mahali.

Kuna ndugu walionieleza ufumbuzi wao: wanapanga risasi kwa zamu, kwanza chumvi, kisha mpira, kisha marisau makubwa, ili mwizi apewe nafasi ya kutubu. Mpango huo unasahau kwamba magazini ya shotigani ni bomba, na ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka, kwa hiyo inabidi upakie kinyumenyume. Unasahau pia kwamba ukishakoki mara moja gizani kwa hofu, ukaidondosha risasi ambayo haijapigwa, hujui tena chemba ina nini. Nilijaribu mchana, nikiwa nimetulia, huku mwenyeji wangu akiniita jina na kunihesabia sekunde. Nilikosea zamu mara mbili katika nne.

Risasi ya mchanganyiko, yenye donge moja la wakia moja na marisau matatu juu yake, ni jambo la heshima zaidi. Viwanda vikubwa vinaitengeneza, Winchester wakiwemo kwa jina la PDX1, na haitegemei picha ya nge. Donge lilipiga pale nilipolenga. Marisau matatu yalitawanyika kulizunguka kiasi kwamba moja lilikuwa ukingoni mwa dumu. Tatizo ni kuta: donge la gramu 28 lilipita zote tatu, likachimba kilima, na matundu yake yalikuwa masafi kama yaliyotobolewa na fundi. Shambani, kwa nguruwe mwitu, ningeibeba bila kusita. Kwenye jengo la kupanga, hapana.

Risasi fupi, za inchi 1¾ badala ya 2¾ za kawaida, hazistahili kuitwa vituko, ingawa duka langu lilizitundika pamoja na joka. Magazini yangu inayopokea tano za kawaida ilipokea saba fupi, na msukumo wake begani ni mwepesi mno. Mama Salma, ambaye huiogopa geji 12, alipiga tatu na kutaka nyingine. Ya nne ikapinduka ndani ya bunduki na kukwama, na kuitoa kulihitaji bisibisi. Bunduki nyingi za kukoki hazikuundwa kwa ajili yake. Mossberg walitoa modeli ya 590S mwaka 2022 inayokubali urefu wote. Mwenye hiyo na afikirie. Sisi wengine tutumie risasi za urefu wa kawaida zilizopunguzwa nguvu, zipo, na begani zinahurumia karibu vilevile.

Baada ya sarakasi zote hizo nilipiga yale ya kawaida. Marisau tisa ya bei nafuu yalitawanyika kwa upana wa sahani ndogo, na moja lilikwenda peke yake pembeni. Yale ya kampuni ya Federal yenye kikombe cha plastiki wanachokiita FliteControl, ambacho kina mabawa yanayofunguka kukifunga breki nyuma ya marisau badala ya kuyasukuma, yaliingia yote manane katika eneo la kiganja changu. Tofauti hiyo ndiyo niliyoilipia, na ndiyo yenye maana ndani ya nyumba, kwa sababu risau lisiloingia mwilini linaingia chumba cha pili. Wale wanaosema shotigani haihitaji kulenga wakumbuke kiganja. Marisau ya ndege, kwa wanaoyapigia debe kuwa hayapiti kuta, yalifungua ukuta wa kwanza kama ngumi na kunyunyizia wa pili kwa punje nyingi zilizotokea upande wa nyuma.

Na sitaficha kwamba marisau makubwa, ya bei nafuu na ya Federal yote mawili, yalipita kuta zangu tatu. Hakuna risasi niliyoipiga siku zile iliyoweza kumsimamisha mtu ikashindwa na jipsamu. Nilirudi nyumbani nikaacha kutafuta risasi, nikaanza kutafuta mahali pa kusimama. Kutoka kitandani kuelekea mlangoni, mstari ulinyooka hadi chumba cha Salma. Tulihamisha kitanda na kabati siku ya Jumapili, na sasa anayejificha nyuma ya kitanda, simu ya dharura ya 911 ikiwa wazi, anautazama mlango kwa pembe ambayo nyuma yake ni bomba la moshi la matofali, kitu pekee katika nyumba hii kinachofanana na ukuta wa Muheza. Kazi hiyo haikugharimu senti, ukiacha mgongo wangu.

Kasha la bunduki lina kufuli la namba, kama inavyompasa kila mwenye mtoto. Texas ina adhabu kwa anayeacha silaha mahali ambapo aliye chini ya miaka 17 anaifikia. Ndani yake mna maboksi mawili ya marisau manane manane. Duka halipokei risasi zilizorudishwa, hivyo vishale, chumvi na mpira uliobaki nilimwachia mwenyeji wangu wa ranchi. Risasi moja ya joka nimebaki nayo. Wote wawili tulikubaliana kwamba hatuipigi mpaka mvua nyingine, na tangu hapo Bastrop haijanyesha ya kutosha.